Koleo Refu na Jiwe la Kutafuna

Nimewahi kukatiza maombi ya watu wazima kabla ya amina, na mpaka leo sijaomba msamaha. Ilikuwa katika kiwanda kimoja cha karatasi za maboksi pale Ruiru, asubuhi, zamu zikibadilishana. Kiwanda kile kina desturi ya kumwomba Mungu kabla ya mashine kuwashwa, na siku ile walikuwa wamechagua kusimama mahali penye joto kidogo, kando ya bomba kubwa linalopitisha uji wa karatasi. Walikuwa wamefumba macho na kuinamisha vichwa, na mwombaji alikuwa ameshika kasi kweli, ameshafika kwa wajukuu wa wenye kiwanda. Na usawa wa vifua vyao, kwenye lile bomba, kilikuwa kimefungwa kile chombo cha njano chenye alama ya mionzi.

"Sogeeni huko!" nikapiga kelele. "Mungu yuko hata kantini!"

Mama mmoja alifungua macho akaniangalia kana kwamba nimemwagia chai Biblia yake. Lakini walisogea. Tangu siku ile maombi yakahamia kantini, na mimi nikapewa jina: Sogea Huko. Nikiingia getini mlinzi ananiambia, "Karibu, Sogea Huko," bila hata kucheka.

Wacha nieleze kazi yenyewe. Ndani ya kile chombo cha njano kuna kipande cha madini ya mionzi kisichozidi punje ya harage. Kimefungiwa ndani ya kifuko cha chuma kilichochomelewa, juu ya chuma kuna madini mazito ya risasi, na juu ya risasi kuna chuma tena. Kuna kilango kidogo. Kikifunguliwa, miali inapenya bomba hadi upande wa pili, na kifaa cha huko kinasoma kama uji wa karatasi ni mzito au ni mwepesi. Viwanda vingi huku kwetu, Ruiru na Thika, vina vyombo vya namna hii, na wanaofanya kazi kando yake wamevizoea hadi wanavitundikia makoti.

Kile kifuko cha ndani hakitakiwi kuvuja hata chembe. Kwa hiyo kila baada ya muda, na kila kinapogongwa, lazima mtu aende akapanguse chombo kwa pamba yenye unyevu, pale kwenye maungio ambako uvujaji ungejitokeza, halafu ile pamba ipimwe. Huyo mtu ni sisi wapimaji wa mionzi. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu ili ujue kama kitu hiki ni salama, ni lazima kwanza ukisogelee. Huwezi kukipangusa kwa simu. Unachoweza ni kupunguza: unatayarisha kila kitu ukiwa mbali, unafunga kilango na kukipiga kufuli, unahakikisha kwa mita kwamba kweli kimefungwa, unasimama ubavuni na kamwe si mbele, unapangusa kwa koleo refu, unatoka. Muda mfupi, umbali mkubwa, na kitu kizito katikati. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi hadi watoto wangu waliyatumia kuniepuka siku nikiwa na hasira.

Mwenzangu katika kazi hii ni msichana. Namwita msichana ingawa ni mke wa mtu, anaishi Theta kwenye kiwanja cha wakwe zake, nyumba yake ikitazamana na ya mama mkwe, mahindi katikati. Yeye ananiita Madam. Mikono yake ilichuma kahawa tangu utotoni, na mtu aliyechuma kahawa anajua kupitisha vidole kati ya matawi bila kuvunja kitu. Mimi nilianza kazi hii nikiwa na mikono ya kawaida na sasa nina goti bovu juu ya hayo. Kwa hiyo tuligawana: mimi nasimama nyuma na mita, nasoma, napiga kelele. Yeye anaingia na koleo.

Ofisini kwetu Thika, upande wa viwandani, tuna chombo kitupu, ganda tu, kipande chake cha mionzi kilitolewa zamani. Tumekifunga kwenye bomba bovu juu ya meza, na sakafuni tumepaka mstari mwekundu. Kila kazi tunaifanyia mazoezi pale kwanza: mfuko unafunguliwa wapi, pamba inalowanishwa na nani, mguu upi unatangulia. Tunarudia hadi mwili wenyewe unajua, maana ukisimama mbele ya chombo halisi kujiuliza kofia ya chupa iko wapi, huo ndio muda unaoumia. Mlinzi wetu alidhani tunajifunza igizo la kanisani. Akatuuliza ni lini tutaonyesha.

Siku yake ya kwanza nilimwambia jambo ninalowaambia wanawake wote wanaokuja kwetu. "Ukijua una mimba, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Kabla ya mumeo."

Akacheka. "Ai, Madam. Kwetu hiyo haisemwi. Tumbo ndiyo inasema."

"Tumbo linachelewa."

Sikuwa natania. Kiasi cha mionzi ambacho mtu mzima anaruhusiwa kupata kazini si kile anachoruhusiwa mtoto aliye tumboni. Chake ni kidogo mno, maana yeye hakuajiriwa na mtu, wala hakutia sahihi popote. Na miezi ile ya mwanzo, kabla tumbo halijasema lolote, ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kanuni zinamtaka mama aseme mapema ili abadilishiwe kazi. Lakini zaidi ya hapo kanuni haina mkono. Haiwezi kumtoa mtu maneno mdomoni.

Baadaye, tukinawa mikono, aliniambia kwa nini kwake haisemwi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza aliitangaza kwa furaha, kanisani wakamwombea, shangazi wakaanza kufuma sweta. Ilipotoka ikabidi aeleze kwa kila mtu, mmoja mmoja, hadi muuza mboga. Ya pili aliwaambia wachache. Alisimulia huku akijisugua kucha, hanitazami. Nikasema pole.

Basi siku moja injinia wa kiwanda cha maboksi akanipigia. Injinia huyo ni kijana wa familia ya Kihindi ya pale Thika, babu yake aliuza misumari mjini, na Kikuyu chake ni kizuri kuliko changu mimi niliyezaliwa nacho. "Madam," akasema, "ile kitu yako imegongwa."

Walikuwa wakiinua mota kwa mnyororo, mnyororo ukateleza, mota ikabembea ikapiga chombo cha njano ubavuni. Namsifu, alifanya yote sawasawa: alisimamisha mashine, akawatoa watu, akafunga utepe mbali. Tulipofika hata mwombaji alikuwa nje ya geti.

Nilitangulia na mita. Mkono wa kilango ulikuwa umepinda lakini ulifunga. Nikapiga kufuli. Nikazunguka taratibu, nikasoma kila upande, na mita ikanionyesha kile kile cha siku zote, maana yake risasi haikuwa imepasuka. Lakini kifuko cha ndani kuvuja ni habari nyingine, na mita ya mkononi haioni uvujaji mdogo. Hapo inatakiwa pamba.

Tulifanya mazoezi hapo hapo uani, kwenye debe tupu la rangi. Kisha akavaa glavu, akashika koleo, akaingia. Akapitisha pamba kwenye maungio, akazungusha pale mkono wa kilango unapoingia, akatoka ubavuni kama tulivyopanga. Kikohozi changu kingechukua muda mrefu kuliko yeye. Pamba ikaingia kwenye mfuko, akavua glavu kwa kuzipindua, ya kwanza ndani ya ya pili, safi kabisa. Nikampitishia mita kwenye viganja. Hakuna kitu.

Tulitakiwa kunawa. Mfereji wa kiwanda ulikuwa mkavu, Ruiru siku hizo maji yalikuwa ya zamu, lakini sisi hubeba mtungi wetu garini. Nikaenda nyuma ya gari kufungia pamba kwenye sanduku lake. Nilipogeuka kuchukua mtungi nikamkuta amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, shavu limetuna. Alikuwa akitafuna. Hajanawa.

"Unakula nini?"

Shavu likasimama.

"Tema! Tema sasa hivi! Wewe una akili kweli?"

Wee, nilipiga kelele siku ile. Nilimwambia mambo aliyokuwa ameyajua tangu siku ya kwanza: kwamba miali ya nje unaikimbia, unasogea, unaweka ukuta, imekwisha, lakini chembe ikipita mdomoni unaenda nayo nyumbani na hakuna koleo la kuitoa. Ndiyo maana hatuli, hatunywi, hata chingamu hatuweki mdomoni kabla ya maji na sabuni. Nilimwuliza kama alitaka niwe nikimfunga mdomo kwa utepe. Injinia alikuwa mbali lakini nadhani alisikia.

Akatema kwenye kiganja. Lilikuwa jiwe. Lile jiwe laini la kijivu, odowa, linalouzwa sokoni Githurai 45 kwa mafungu kando ya ndizi na tangawizi. Kipande kilikuwa na alama za meno.

Mimi nimezaa. Najua nani hununua jiwe lile, na najua ile tamaa isiyongoja mtu anawe, unasikia harufu ya udongo uliolowa na mate yanakujaa. Nikasogea karibu, nimeshika mtungi.

"Ya lini?" nikamwuliza.

"Madam, tafadhali."

"Nimeuliza ya lini."

"Bado ni mapema." Akatazama miguu yake. "Mama mkwe pekee ndiye anajua. Alinipata nikitapika."

Nikamimina maji. Akanawa, nikamwambia arudie. Akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Nikapitisha mita kwenye vidole, midomoni, kwenye shingo ya koti, magotini, kila mahali, naye amesimama mikono imenyooshwa pembeni kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Mita haikusema kitu. Nilipofika tumboni nikashusha mkono, sijui kwa nini, hapakuwa na haja.

Tukirudi Thika garini, tulikuwa tumeshapita Juja ndipo akasema. "Madam, kama inavuja?"

Nilitaka kumwambia haivuji. Haki, nilitaka sana. Lakini sikujua, na yeye angejua kwamba sijui.

"Tungoje mashine," nikasema.

Watu wa mbali wakisikia Thika huwaza maporomoko ya Chania na ile hoteli ya kale. Sisi tulio viwandani tunasikia malori. Mashine yetu ya kuhesabu iko chumba cha nyuma, imezungushiwa matofali ya risasi ili isisikie kitu kingine isipokuwa kile ulichoilisha, na inataka subira. Uvujaji mdogo hausemi haraka. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango. Aliweka mikono juu ya magoti na wala hakugusa tumbo, ninavyomjua alikuwa akijikataza. Nilikuwa nimemletea maandazi. Hakula, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani angekula.

Nikasimama, nikaenda mwisho wa ukumbi nikaomba. Mimi Sogea Huko. Niliomba bila kufumba macho, nikitazama kalenda ya mwaka uliopita ukutani, na sikumbuki nilimwambia Mungu nini isipokuwa tafadhali.

Mashine ilipomaliza nikaangalia mara moja, nikaangalia tena, nikaweka pamba mpya isiyotumika nikalinganisha. Zilikuwa sawa. Nikatoka nikamwambia, "Ni safi."

Akainuka akaenda chooni akakaa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Lakini kazi haikuwa imeisha. Kulikuwa na maungio ya chini ambayo koleo halikuyafikia, maana chuma kinachoshikilia chombo kilikuwa kimepindia huko. Injinia alikuwa ameahidi kukitoa, turudi kesho yake.

"Nitaenda," akasema.

"Huendi."

"Nisipoingia watauliza. Kila mara ni mimi huingia."

"Wacha waulize."

"Madam, watajua." Akashika mkono wa sweta yangu. "Afadhali useme nimeharibu kazi. Sema nilikosea jana, umenitoa."

Niliudhika, si kwake, sijui kwa nani hasa. Hapa palikuwa na mfanyakazi bora niliyewahi kuwa naye, na alikuwa radhi aonekane mzembe mbele ya kiwanda kizima ili tu mtu asimhesabie miezi. Nikamwambia sitasema alikosea, kwa sababu hakukosea. Ila sitasema kitu chochote, na watu wakijazia wenyewe, hiyo ni yao.

Walijazia. Kesho yake nilipoanza kuvaa glavu mimi, injinia akanyanyua nyusi. "Kwani leo mzee ameingia uwanjani?"

"Mzee ni baba yako," nikamjibu, akacheka. Lakini nilimwona akimtazama mwenzangu aliyesimama nyuma ya utepe na mita, na wafanyakazi nao wakamtazama, na mmoja akamnong'oneza mwingine. Kelele zangu za jana zilikuwa zimesikika. Alisimama pale akavumilia, kidevu juu, akisoma mita yake kama hawapo.

Mimi sikuingia kama yeye. Tulifanya mazoezi kwenye lile debe hadi nikatoka jasho. Maungio yale yalikuwa chini, ilibidi niiname, na goti langu likiinama haliahidi kuinuka.

"Ubavuni, Madam," sauti yake ikaja kutoka nyuma. "Usipite mbele yake. Nyosha mkono, koleo ni refu. Hapo. Zungusha. Imetosha."

Nilitaka kupangusa tena kidogo, kuhakikisha.

"Imetosha! Sogea huko!"

Kiwanda kizima kilipasuka kicheko. Mimi mwenyewe nilitoka nikicheka, nimeshika pamba mbele yangu kwa lile koleo. Yeye pia alicheka, na hiyo ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote. Pamba ile nayo ilitoka safi.

Baada ya hapo nilimwambia bosi wetu kwamba nataka kurudi uwanjani kupunguza mwili, na huo haukuwa uongo, ukiniona utaelewa. Mwenzangu akawa anatayarisha vifaa, anapanga njia, anasimama mbali na kunisahihisha. Mawe aliyatafuna nyumbani. Hatukulizungumza tena, lakini asubuhi nilikuwa nikimtazama anavyopanda ngazi, naye anajua ninatazama, ananiambia, "Niko sawa, Madam."

Halafu asubuhi moja hakuja. Mumewe ndiye aliyepiga simu. Alisema ametoka hospitali, amepumzika, na kwamba imetoka. Alisema hivyo tu, imetoka.

Nilienda Theta mchana. Mama mkwe alikuwa barazani akichagua maharagwe kwenye ungo, anatupa mabaya kwa kuku. Hakuniambia nikae.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni hizo vitu zenu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilisimama juani nikamweleza. Nilimwambia kwamba sote huvaa beji kifuani inayokusanya mionzi tunayopata, na nilikuwa nimeiulizia ya mkwewe kabla ya kuja, na haikuonyesha zaidi ya kile ambacho yeye mwenyewe, Mama, anapata kwa kukaa juu ya udongo wa shamba lake. Nilimwambia habari za pamba mbili. Nilimwambia tangu nilipojua hakuingia tena. Alisikiliza hadi mwisho, vidole vikiendelea na maharagwe.

"Basi ni nini?"

"Sijui, Mama. Najua tu kwamba si hizo."

Akaweka ungo chini. "Ningependa iwe ni nyinyi," akasema. "Haki ya Mungu, ningependa iwe ni nyinyi. Ningejua nimkasirikie nani." Akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Ingia ndani. Uji wangu ameukataa, labda wako atakunywa."

Mwenzangu alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilikaa kitandani, sikujua mahali pa kuweka mikono. Akasema bila kugeuka, "Madam, ni ile jiwe?"

"Hapana."

"Ni ile siku?"

"Hapana. Pamba ilikuwa safi. Uliona mwenyewe."

"Ningesema mapema?"

Hili lilikuwa gumu zaidi, maana nimeapa kutomdanganya mtu juu ya kazi hii. Nikalifikiria. "Ungesema mapema, usingeingia siku ile," nikamwambia. "Lakini kwa mtoto isingebadilisha kitu. Hakuna kilichomfikia. Kingemfikia ningekuambia, hata kama ungenichukia."

Akageuka akanitazama, kuangalia kama nasema kweli.

"Nilifikiria nikinyamaza, itakaa," akasema. "Zile zingine nilisema. Hii nikanyamaza kabisa. Nikajua hii itakaa."

Nililia. Mimi ndiye niliyelia, yeye akanishika bega, kinyume cha mambo. Baadaye nikaenda jikoni kwa mama mkwe nikauchukua ule uji, nikarudi nao kitandani, nikamwambia ni wangu. Alijua si wangu. Alikunywa.

Alirudi kazini mvua zilipoanza. Sikumuuliza kama anataka kuingia tena au kusimama nyuma. Asubuhi ya kwanza alichukua glavu zake kwenye droo, akazivaa, akaniambia nishike mita, na kwa hivyo tukarudi kama zamani, yeye na koleo, mimi na kelele. Kiwandani injinia alimwambia, "Karibu tena, tumechoka na mzee." Mikono yake ilikuwa ile ile. Ila alikuwa ameacha kuimba garini, na mimi sikuwa na namna ya kumwambia aimbe. Mvua zikaisha, zikaja nyingine.

Jumatatu iliyopita tulikuwa na mazoezi, kwa sababu wiki hii tunarudi kupangusa kile chombo cha maboksi, muda wake umefika. Nilikuwa nimepanga kila kitu mezani kando ya lile ganda tupu: mifuko, chupa, pamba, koleo upande wake wa kulia kama anavyopenda. Nikachukua mita yangu nikasimama nyuma ya mstari mwekundu.

Hakuchukua koleo. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua, akaweka juu ya meza kile kilichokuwa ndani yake. Lilikuwa jiwe la Githurai, zima, halijaumwa hata kidogo.

Nikalitazama. Yeye alikuwa akitazama dirishani, malori yanapopita.

"Ni mapema sana," akasema. "Hata mama mkwe hajui. Hata mume wangu bado." Akanigeukia. "Si ulisema wewe ndiye wa kwanza."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Hongera, na pole kwa hofu, na kwamba nitaomba, nitafumba macho safari hii. Nilikuwa naogopa, hiyo ndiyo kweli, nilikuwa naogopa kuliko siku ya ile pamba. Nikamkabidhi mita, nikachukua koleo mahali nilipokuwa nimemwekea, nikavaa glavu.

"Sogea huko," nikamwambia.

Akasogea. Alienda akasimama nyuma ya mstari mwekundu, mahali pangu, akashika mita kwa mikono yote miwili. Mimi nikalisogelea lile ganda tupu lisilo na kitu ndani, nikasimama mbele yake, nikapangusa mara mbili.

"Madam," akasema nyuma yangu, polepole. "Umekaa sana mbele yake. Rudia."

Nikarudia.